Daftari za Mwalimu: shajara ya mradi wa kumkumbuka Baba

Januari 2025, Arua

Sanduku la bati limefunguliwa leo, mbele ya Mama na ndugu wote ambao walikuwa hawajarudi makwao. Ndani tumekuta daftari 31, filimbi mbili, saa ya mbio iliyokwisha betri, na kamba ndefu ya katani yenye mafundo ambayo hakuna aliyejua maana yake. Mchwa walishaanza kazi: daftari tatu hazina pembe na moja imebaki nusu.

Baba alifariki Oktoba mwaka jana. Alifundisha hesabu katika shule za msingi za West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, tangu 1973, akastaafu 2010, na hata baada ya hapo aliendelea kufika uwanjani kila jioni, filimbi shingoni. Nyumbani alilea watoto sita wa kuzaa na wengine ambao hatukuwahi kuambiwa kwamba si ndugu zetu. Kikao cha familia kiliona kwamba kulijengea kaburi lake hakutoshi. Kwa hiyo tumejipa kazi hii: kuziokoa daftari, kuwatafuta walioandikwa ndani yake, kisha kuuchora upya uwanja kama alivyokuwa akiuchora yeye na kukimbiza watoto juu yake. Naandika shajara hii ili ndugu walioko Kampala, Juba na Bunia wajue tumefika wapi na wasisubiri kuuliza kwa simu.

Daftari za Baba zina mbele na nyuma. Ukiifungua ya kawaida, mbele kuna maandalio ya masomo: sehemu, desimali, eneo la pembetatu. Ukiigeuza kichwa chini, nyuma kuna michezo. Kurasa za katikati ni za nyumbani: karo, madeni, nani ana homa, nani ameng'oka jino. Siku yangu ya kuzaliwa nimeikuta humo, kwa mwandiko uleule wa matokeo ya mbio: mtoto wa kike, saa 10 na dakika 17 alfajiri, mama mzima.

Jambo moja limetushangaza sote usiku huu. Orodha za mbio zinaendelea hadi mtu wa mwisho. Mita 800, wavulana wa darasa la sita: majina 19, na wa 19 ameandikiwa muda wake kamili, dakika na sekunde, sawasawa na wa kwanza. Pembeni ya jina lake pana maneno machache: "Alianguka kona ya pili. Akasimama. Akamaliza." Kaka mkubwa amepekua daftari moja baada ya nyingine akitafuta mbio iliyoishia kwa watatu wa kwanza. Hajaipata.

Hapo ndipo mradi umepata moyo wake. Tutawatafuta kwanza wale walioshika mkia.

Februari

Kazi ya mwezi huu imekuwa ya mikono na subira. Tumezitandaza daftari juu ya meza mbali na jua, kwa sababu jua kali hupausha wino na karatasi hukauka ikawa tete. Vumbi tumelitoa kwa brashi laini ya rangi, tukianzia katikati ya ukurasa kwenda nje. Pini za chuma zilizoshika kutu tumezing'oa moja moja, maana kutu hula karatasi ikizunguka pini hadi ukurasa udondoke wenyewe. Mahali pa pini tumepitisha uzi wa pamba.

Majirani wenye nia njema walitushauri kubandika selotepu kwenye kurasa zilizochanika, na wengine wakasema tupeleke zote zikawekewe plastiki. Nimekataa yote mawili. Gundi ya selotepu hugeuka njano, huingia ndani ya karatasi na haitoki tena. Na plastiki ile ya moto ikishashika, ukurasa hauwezi kurudi ulivyokuwa. Zilizochanika tumeziweka tu ndani ya bahasha, kila moja na namba yake.

Mdogo wangu wa mwisho ndiye mpiga picha. Simu inafungwa kwenye kigogo alichochonga kaka, daftari inawekwa karibu na dirisha asubuhi kabla jua halijaingia moja kwa moja, na kila ukurasa unapigwa bila mwanga wa simu. Jina la kila picha lina mwaka, namba ya daftari na namba ya ukurasa. Nakala moja iko kwenye flashi kwa Mama, nyingine kwenye kompyuta ya shemeji Kampala, ya tatu imehifadhiwa mtandaoni. Umeme wa hapa hauaminiki, na sitaki kazi ya maisha ya mtu itegemee kifaa kimoja.

Sanduku jipya, la mbao za mvule, kaka amelimaliza. Linakaa juu ya vigingi vya mawe, mbali na ukuta, ili mchwa wakija waonekane.

Machi

Mama alikataa kurekodiwa. "Mimi nitasema nini, mwanangu? Wenye elimu ndio waseme." Nikaacha. Jumapili moja, tukichambua maharage, akaanza mwenyewe, nami nikaomba ruhusa ya kuwasha simu.

Amesimulia Septemba 1972. Baba alikuwa bado mwanafunzi wa ualimu, wao wawili wakiwa wachumba. John Akii-Bua, polisi kutoka Lango, alishinda mita 400 za kuruka viunzi huko Munich kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Baba alizisikia habari hizo redioni, akatembea usiku hadi kwa akina Mama kuwaambia. Babu akatoka na fimbo akidhani ni mwizi. Mama alicheka mpaka akaacha maharage.

Kisha akasema habari ya mbuzi. Mwaka 1978 Cranes, timu ya taifa ya mpira wa miguu ya Uganda, walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana. Waliwatoa Nigeria 2-1 katika nusu fainali, wakafungwa na wenyeji 2-0 katika fainali pale Accra. Watoto wa shule wote walitaka kuwa Philip Omondi, mshambuliaji wa Cranes, na shule haikuwa na mpira hata mmoja. Baba akamuuza mbuzi wa Mama akanunua mpira wa ngozi. Hakumuuliza.

"Nilinyamaza wiki nzima," Mama alisema. "Naye akaona. Akaleta daftari, akaniandikia deni mbele yangu, kama mtu wa duka."

Ukurasa huo tunao. "Deni kwa mama watoto: mbuzi jike 1." Chini yake, kwa wino mwingine, miezi mingi baadaye: "Amelipwa. Mbuzi jike 1 na kitoto chake." Mama ametuomba ukurasa huo uingie kwenye kitabu, na uingie ukiwa mzima, wala tusikate sehemu ya deni tukabakiza ya malipo.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Ni rahisi kumwandika marehemu kama malaika. Mama, aliyeishi naye miaka yote hiyo, anataka aandikwe kama mume.

Aprili

Daftari ya nane si daftari. Ni karatasi za aina nyingi zilizoshonwa pamoja: migongo ya fomu, mifuko ya karatasi iliyokunjuliwa, vipande vya kalenda. Hii ni ya uhamishoni.

Baada ya utawala wa Amin kuanguka 1979, na vita vilipofika huku 1980, watu wa West Nile walikimbia kwa maelfu, wengine wakaingia Zaire, yaani Kongo ya leo, na wengine kusini mwa Sudan. Baba, Mama na mtoto wao wa kwanza walivuka kuelekea upande wa Ariwara, huko Zaire. Kiswahili tunachosema nyumbani kiliota mizizi huko. Kabla ya hapo Baba alikuwa na kile cha sokoni tu. Huko kilikuwa lugha ya kuombea maji, kufundishia na kupatanisha watoto waliokuja na lugha tofauti. Serikali ilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, Baba alikuwa na miaka 71, akaomba tumnunulie kamusi mpya ili aangalie kama maneno yake ya hesabu ni sahihi.

Kwenye karatasi hizo kuna shule chini ya mti, na kwenye migongo kuna mbio. Vijiti vya kupokezana vilikuwa vya shina la muhogo. Mpira ulikuwa wa majani ya migomba yaliyokazwa kwa kamba. Kila mtoto ameandikwa jina lake, jina la kijiji alichotoka upande wa Uganda, na muda wake.

Halafu, pembeni mwa majina, kwa wino wa rangi nyingine na wakati mwingine kwa penseli, kuna neno moja linalojirudia: "Amerudi." Familia zilianza kurejea katikati ya miaka ya 1980, na kwa kila iliyorejea, Baba aliitafuta karatasi ya zamani akaandika. Orodha ya mbio ikawa orodha ya waliorudi nyumbani. Majina mengine hayana neno lolote pembeni. Shangazi amekaa na karatasi hizo alasiri nzima, akitaja kwa sauti ya chini wale anaowakumbuka. Wawili aliwajua kuwa walikufa kule kwa surua. Nimeandika alichosema, nikaweka tarehe, nikaacha karatasi yenyewe kama Baba alivyoiacha.

Mei na Juni

Tumeanza kuwatafuta watu. Njia iliyofanya kazi kuliko zote ni tangazo la redio hapa mjini, likisomwa kwa Kilugbara na Kiswahili, na baada yake simu hazikukoma. Kila anayekuja anaonyeshwa kwanza ukurasa wake, anaulizwa kama anakubali kurekodiwa, na anaambiwa sauti yake itatunzwa wapi. Majina yao siyaweki humu.

Wa kwanza niliyekaa naye ni mama mmoja muuza vitenge katika soko la Arua. Alikuwa darasa la sita mwaka 1998, mwaka wa pili wa elimu ya msingi ya bure, wakati watoto walifurika madarasani kuliko madawati na walimu. Alikimbia mita 1500 akawa wa mwisho. Nilipomwekea ukurasa mbele, aliweka kidole juu ya jina lake na hakukiondoa muda wote wa mazungumzo.

"Mtoto wa Mwalimu," aliniambia, "siku ile watu wote walishaondoka kwenda kunywa uji. Wenzangu walimaliza zamani. Mimi nilikuwa nikitembea, si kukimbia. Nikamwona baba yako amesimama palepale kwenye mstari, saa mkononi, ananitazama mimi tu. Nikasema, kumbe bado ananihesabia? Nikaanza kukimbia tena."

Nilimuuliza Baba alimwambia nini alipofika kwenye mstari. "Alinisomea muda wangu. Akasema, huu ni wako, mwezi ujao tuushinde huu. Hakusema tumshinde nani. Tuushinde huu."

Mwezi uliofuata upo, ukurasa wa tatu mbele. Alikuwa wa mwisho tena, na alikuwa amepunguza sekunde 21. Yeye alikuwa ameshasahau hilo la pili. Nilipomsomea, alinishika mkono.

Wamekuja wengi baada yake, na sauti zao zote zimehifadhiwa. Mmoja sasa ni mwalimu mkuu huko Yumbe, na anasema hadi leo hutangaza matokeo ya mtihani akianza na waliopanda alama nyingi kuliko muhula uliopita, hata kama bado wako chini. Mwingine ni dereva wa lori la Juba.

Ila nimemrekodi pia mzee mmoja ambaye hakuja kusifu. Aliachwa nje ya timu ya shule siku ya fainali ya wilaya kwa sababu alichelewa, na alichelewa kwa kuwa alikuwa akimpeleka mama yake zahanati. Baba hakusikiliza. Mzee huyu ana kinyongo hadi leo na alinieleza bila kupunguza. Nimetafuta siku hiyo kwenye daftari: pameandikwa "hakufika kwa wakati", basi. Ushahidi wake utaingia kitabuni pamoja na wa wengine. Ndugu wawili hawakupenda. Nimewaambia kwamba mtu aliyemwandika kila mkimbiaji hadi wa mwisho hawezi kukumbukwa na nusu ya watu.

Julai

Uwanja. Shule aliyofundisha miaka yake ya mwisho imeturuhusu kutumia kiwanja chao likizo ya Agosti, na mafundo ya kamba yamepata maana.

Kiwanja hicho hakitoshi duara la mita 400. Lile la kimataifa lina pande mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.50. Baba aliligawa kwa mbili akatengeneza la mita 200: pande zilizonyooka mita 40 kila moja, zinabaki mita 120 za kugawa kwenye kona mbili. Gawanya 120 kwa pai mara mbili, unapata mita 19.10. Lakini fundo la kamba liko kwenye 18.90. Tulipima mara mbili kwa futi ya chuma, tukadhani katani imesinyaa kwa miaka. Jibu lilikuwa katika daftari ya 22, kwenye maandalio ya somo la mzingo: mkimbiaji hakanyagi mstari, hukimbia sentimita 20 nje yake. Kwa hiyo mstari uchorwe kwa 18.90 ili mtoto akimbie 19.10. Somo zima la pai lilifundishwa hivyo, watoto wakiwa wameshika kamba na kigingi kikiwa katikati ya nyasi.

Ukurasa unaofuata ndio niupendao kuliko yote. Aliwauliza watoto: njia zikiwa na upana wa mita 1.22, wa njia ya 2 aanze mbele ya wa njia ya 1 kwa kiasi gani ili mzunguko mmoja uwe wa haki? Zidisha 1.22 kwa pai mara mbili: mita 7.67. Kisha: na uwanja ukiwa mkubwa mara kumi? Jibu ni lilelile, 7.67. Ukubwa wa uwanja hauingii kwenye hesabu hiyo; unaingia upana wa njia tu. Ameandika pembeni, "Waache wabishane. Usiwaambie." Naona jinsi alivyofurahi.

Na chini kabisa: "Akii-Bua, Munich, njia ya 1." Alitaka watoto wajue kwamba njia ya ndani ndiyo yenye kona kali kuliko zote, na kwamba huko ndiko Akii-Bua alikopangiwa, akawapita Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza aliyekuwa bingwa na mwenye rekodi ya 48.12. Hesabu ileile ya kona, sasa ina mtu ndani yake.

Kaka amechonga viunzi vya kalitusi, sentimita 60 kwa watoto wadogo. Vya watu wazima kama Akii-Bua ni sentimita 91.4. Chokaa ni ghali, kwa hivyo mistari tutaichora kwa majivu ya tanuri la matofali, kama zamani.

Agosti

Tumekimbia. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi ikafuta nusu ya mistari, na watoto wa darasa la saba wakaichora upya kwa kamba yenyewe, mwalimu wao akisimamia. Mama alipika uji wa mtama na kuuza hakutaka; kila aliyemaliza alipewa kikombe, na kabla ya wote kumaliza hakuna aliyeruhusiwa kunywa. Hilo lilikuwa sharti lake.

Tulikuwa na waandishi wa muda wawili na saa mbili. Mita 200, 400, 800, viunzi, na kupokezana vijiti kwa familia, ambapo babu, mzazi na mtoto lazima wawe timu moja. Mama wa vitenge alikimbia kijiti cha pili, kitenge kikiwa kimefungwa magotini. Timu yake ilikuwa ya mwisho kati ya tisa: dakika 4 na sekunde 38. Imeandikwa. Yule mzee mwenye kinyongo alikuja akakaa mbali kidogo, karibu na goli, na alasiri alikubali kushika saa moja.

Jioni niliwasomea watu kurasa za mafanikio ambayo Baba aliyaandika nje ya shule, kwa maana alitunza pia za taifa. Dorcus Inzikuru, binti wa Arua hii, Helsinki 2005, bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji: 9:18.24. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mbio zote za mchana. Stephen Kiprotich, marathoni ya London 2012, saa 2:08:01, dhahabu ya Olimpiki ya kwanza tangu ile ya 1972. Peruth Chemutai huko Tokyo, dhahabu ya Olimpiki katika mbio zilezile za Inzikuru. Maandishi ya mwisho ni ya Agosti 2, 2024, fainali ya mita 10,000 Paris, ambayo Baba aliitazama kitandani, tukimshikilia mto mgongoni: Joshua Cheptegei, 26:43.14. Mwandiko unatetemeka, lakini sehemu za sekunde zimo.

Septemba

Kitabu kimekwenda kwa mchapaji, kikarudi kurasa za picha zikiwa nyeusi mno kusomeka. Tumemtafuta mwingine na sampuli yake ni nzuri. Daftari ya uhamishoni inasomeka hadi penseli. Nakala 60 za kwanza zitagawiwa bure kwa walioandikwa. Shule imeomba ukurasa wa 7.67 ubandikwe darasani, na kaka anatengeneza fremu.

Kilichobaki ni kazi kubwa ya Ariwara. Shangazi anasema wapo walioolewa huko na hawakurudi, na kwamba yeye anaweza kuwatambua kwa sura. Tutavuka Desemba shule zikifungwa, yeye, mdogo wangu na mimi, tukiwa na picha za karatasi zile na kalamu. Wenye ndugu ambao majina yao hayana neno pembeni wanitumie majina ya vijiji kabla ya mwisho wa Novemba.